Mnaoanza kazi ya haki za jamii asilia, angalieni sana karatasi ya mahudhurio

Naona kuna wadogo zangu wengi wanaingia kwenye hii kazi, wengine ndo wametoka kusoma sheria, wengine wanaanza utafiti, basi niwape machache ambayo mimi ningefurahi sana kama kuna mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

Nianze na lililoniuma. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa faili la mradi nilipitie, ndani kuna aya imeandikwa vizuri kabisa kwamba jamii imeridhia. Nikaenda kwenye viambatisho kuitafuta hiyo ridhaa nikakuta karatasi tatu za mahudhurio: jina, namba ya simu, sahihi au dole gumba, basi. Hamna muhtasari wa kikao, hamna hata mstari mmoja juu unaosema hawa watu wanakubali kitu gani. Baadaye nikaongea na mzee mmoja ambaye dole lake lipo pale, akaniambia walisaini ili wapewe nauli ya kurudi nyumbani. Yaani karatasi ya nauli ndo iligeuka kuwa ruhusa ya kuachia malisho ya ukoo mzima! Tangu siku hiyo nikipewa faili naanzia nyuma, kwenye viambatisho.

Kwenye vitabu mtasoma ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa. Maneno mazuri, ila mkiwa uwanjani yageuzeni yawe maswali. Waliambiwa lini, kabla ya mkataba kusainiwa au baada? Kwa lugha gani? Nani hakuwepo, kina mama walikuwepo, na wale waliokuwa wamehama na mifugo je? Walipata muda wa kukaa peke yao wakaongea bila mgeni kusikiliza? Na lile ambalo watu wanalikwepa: wangesema hapana ingekuwaje? Kama mradi ungeendelea vilevile basi hao walipewa taarifa tu, ridhaa hawakuombwa. Kwenye kesi ya Waendorois, jamii ya wafugaji kule Kenya walioanza kuondolewa eneo la Ziwa Bogoria 1973, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema wazi kwamba mradi mkubwa wenye athari kubwa kwenye ardhi yao serikali haitoshi kushauriana nao tu, inatakiwa ipate ridhaa yao kwa kufuata mila na desturi zao. Isomeni hiyo yote, msiishie kwenye ufupisho.

Jambo lingine ni uzito wa nyaraka, hapa wageni wanajikwaa sana. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili lilipita kwa kura 144, nne zikapinga, 11 hazikuegemea upande wowote na Kenya ilikuwa kwenye hizo 11. Ni azimio, halifungi kama mkataba. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, nao ni wa haki za watu wa asili, ndo unafunga, ila kwa nchi iliyouridhia tu, na Afrika nzima ni Jamhuri ya Afrika ya Kati peke yake. Sasa ukienda ofisini kwa mtu unamtishia na azimio kama vile ni sheria atakumaliza kwa dakika mbili. Lakini pia usilidharau, maana Mahakama ya Afrika pale Arusha ililitumia kutafsiri haki ya kumiliki mali kwenye kesi ya Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau kule Kenya.

Na hiyo kesi ya Waogiek jamani isomeni mara mbili. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msitu wa Mau, hukumu ikatoka 26 Mei 2017. Serikali ilisema inalinda msitu, mahakama ikaangalia ripoti ikaona walioumaliza Mau ni watu wengine waliovamia, pamoja na serikali yenyewe kumega msitu na kutoa vibali vibaya vya kukata miti. Watu wengi wanajua walishinda. Wachache wanajua kwamba kwenye haki ya kuishi, kifungu cha 4 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, hawakushinda, mahakama ilisema haikuonyeshwa jinsi kufukuzwa kulivyosababisha vifo. Hapo ndo mimi nasimama kila nikiwafundisha wapya: andikeni tarehe, nani aliugua, lini, alikuwa amelala wapi, alipelekwa wapi. Miaka minane baadaye hakuna atakayekumbuka vizuri na huruma ya hakimu haijazi hilo pengo.

Halafu 2022 mahakama ikaamuru fidia, shilingi za Kenya 57,850,000 za hasara na 100,000,000 za maumivu, pamoja na ardhi irudishwe kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikawa zinabomolewa tena Mau. Siwaambii hivi muvunjike moyo, nawaambia ili bajeti zenu na muda wenu visiishie siku ya hukumu, kwasababu wafadhili wengi hiyo siku ndo wanafunga faili.

Kwa mtakaokuwa Kenya, katiba ya 2010 msisome kifungu cha 63 peke yake. Kinasema ardhi za mababu za jamii za wawindaji na waokotaji ni ardhi ya jamii, safi, ila cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma, na ugomvi wote umekaa hapo katikati. Mkija na kimoja tu mawakili wa upande wa pili watawasomea kingine.

Mwisho nakala. Mkirekodi wazee, mkichora ramani, mkipiga picha makaburi na mizinga ya nyuki, nakala moja ibaki kwao siku hiyohiyo, siyo tutawatumia. Mimi niliwahi kusema tutawatumia, ofisi ikahama, diski ikapotea, na yule mama aliyetutajia majina ya mito yote ya ukoo wao alikuwa ameshafariki.