Kwa mnaoanza kliniki ya saratani: mgonjwa wa titi akisema anasahau

Nimepitia majalada ya wiki hii na nimekuta tena sentensi ninayoikuta kila kundi jipya linapoingia: "Mgonjwa analalamika kusahau, ameelezwa kuwa ni wasiwasi." Wanangu, nawapenda, lakini sentensi hii naomba isiandikwe tena katika kliniki yetu.

1. Ulizeni kwanza mionzi ilipigwa wapi. Mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa hadi kwenye ubongo, akapigwa mionzi ya ubongo mzima, hana fumbo kubwa: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, imepata dozi. Jaribio la NRG CC001, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba kuikwepa hipokampasi, pamoja na memantini, dawa ya kulinda kumbukumbu, hulinda akili kuliko memantini pamoja na mionzi ya kawaida ya ubongo mzima. Hilo mnalijua. Mnajikwaa kwa yule aliyepigwa kifuani peke yake, Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) 40 kwa vikao 15 au Gy 50 kwa vikao 25, kisha akarudi na boti kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa hakumbuki kama ameshatia chumvi. Ubongo wake haukuwamo katika eneo la mionzi, ni kweli, lakini uchovu wa matibabu, saitokini (kemikali za kinga ya mwili) ambazo watafiti wanazishuku, kemo iliyotangulia, tamoksifeni (kidonge cha kuzuia homoni), upungufu wa damu na usingizi mbovu havihitaji kupita kichwani kwanza ndipo vikifike kichwa.

2. Sababu ya kulisema hili kwa ukali ni kwamba nililikosea mwenyewe, nikiwa mgeni wa kazi kama ninyi. Alikuja mama mmoja wa Wete, mshika fedha wa upatu wa wanawake wa shehia yake, akafungua daftari lake juu ya meza yangu bila ya kuombwa. Jina moja lilikuwa limeandikwa mara mbili katika mwezi mmoja, na jingine limerukwa. Akaniambia, "Daktari, mimi hesabu hazinishindi tangu skuli." Foleni ilikuwa ndefu, na wenzake waliokuja naye walikuwa wanaiwahi boti. Basi nikageuza karatasi, nikamchorea kifua, nikamwonyesha mionzi ilipopita na kichwa kilivyo mbali, nikaona nimefundisha vizuri kweli kweli. Nikamwambia apunguze mawazo.

Alinitii, na hapo ndipo palipouma. Aliacha kumwambia mtu yeyote kwamba anasahau, kwa kuwa daktari amesema hana kitu. Aliporudi alikuwa na binti yake, na binti ndiye aliyesema: mama ameondolewa kwenye upatu, na maneno yameenea kuwa amekula fedha za watu. Kisha akatoa mkobani vidonge vya tamoksifeni, na hesabu yake haikulingana na tarehe hata kidogo, maana siku nyingine alimeza mara mbili na siku nyingine hakumeza kabisa. Dozi tuliirekebisha siku ile ile, na barua ya maelezo niliiandika, lakini watu walikuwa wameshaamua, na daftari hakurudishiwa. Lau ningeuliza kusahau kumeanza lini na kumeharibu kazi gani, jibu lilikuwa limefunguliwa mbele yangu.

3. Pimeni hemoglobini, kalsiamu na TSH (kipimo cha tezi ya shingo), hasa kama mionzi ilipigwa pia juu ya mfupa wa mtulinga, kwa kuwa tezi ya shingo iko jirani.

4. Maumivu ya kichwa ya alfajiri, kutapika, degedege au udhaifu wa upande mmoja havisubiri kliniki ijayo. Ombeni picha ya ubongo siku hiyo hiyo.

5. Kisanduku cha vidonge chenye siku saba, na mtu mmoja wa nyumbani anayejua kukihesabu.

6. Kuhusu vipimo, acheni kuitegemea MMSE, ule mtihani mfupi wa maswali ya akili. Iliundwa kwa ajili ya upungufu mkubwa wa akili, na mwanamke anayepoteza kasi na umakini huipita akitabasamu. Kikosi kazi cha kimataifa cha saratani na utambuzi kilipendekeza mwaka 2011 kupima kujifunza orodha ya maneno, kuunganisha namba na herufi kwa mfuatano, na kutaja maneno kwa herufi iliyotolewa. Hivyo navyo vinataka busara, maana wapo bibi zetu waliohitimu chuo cha Kurani, wanaosoma msahafu bila ya kukwama, lakini A na B hawakuzizoea. Kumpa huyo namba na herufi za kuunganisha ni kumpima skuli, si akili. Na juzi mmoja wenu, ambaye simtaji ingawa anajijua, alimuuliza bibi wa Micheweni huu ni mwezi gani. Bibi akajibu Mfungo Sita, na alikuwa sahihi kabisa, kwani maulidi yalikuwa yakisomwa mtaa mzima. Akapewa sifuri, na chini yake pakaandikwa "amechanganyikiwa". Jalada hilo liko mezani kwangu. Mwenyewe aje alirekebishe kabla ya raundi ya kesho.