Kabla ya Kutafuta Wakili, Tafuta Faili

Watu wakishajua kwamba dada yangu aliachiwa kitambaa cha shashi tumboni baada ya upasuaji, swali lao huwa moja: "Mlimpata wapi wakili?" Nawaelewa. Mtu wako akiumizwa hospitali, hasira inakusukuma moja kwa moja hadi mlangoni kwa mwanasheria. Ila kwa yale tuliyopitia, wakili alikuja nafasi ya pili. Ya kwanza ilikuwa faili. Wakili hodari kiasi gani, akiwa hana karatasi mkononi, hana la kumwambia hakimu zaidi ya kwamba mteja wake anaumwa, na hilo hospitali wala haina haja ya kulipinga.

Nieleze kwa ufupi. Dada alipasuliwa kuondolewa uvimbe kwenye kizazi. Aliporudi nyumbani zikaanza homa za jioni, maumivu ya upande mmoja, na kidonda kilichokuwa kikifunga juu huku kikitoa majimaji pembeni. Kila tukirudi kliniki tunaandikiwa antibiotiki na kuambiwa miili inatofautiana, wengine huchelewa kupona. Hospitali ya pili ndiyo iliyompiga CT skani na kuona kitu ambacho hakikupaswa kuwepo. Akafunguliwa tena, na pia ikabidi kukata kipande cha utumbo wake kilichokuwa kimeshikamana na kitambaa hicho.

Hapa watu husema kesi iko wazi. Kwa dada ilikuwa karibu na wazi, maana kitambaa hakijiingizi tumboni chenyewe, na mahakama nyingi hukubali kuwa tukio la namna hiyo linajieleza. Lakini madai mengi hayako hivyo. Usaha, kuvuja damu, damu kuganda mguuni, makovu ya ndani yanayobana utumbo: haya yote yanaweza kumpata mgonjwa aliyepasuliwa na daktari makini kuliko wote. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi uzembe. Ni lazima ionyeshwe kwamba daktari au muuguzi alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa taaluma yake, na kwamba madhara uliyoyapata yametokana na hilo.

Kiwango hicho kinapimwaje? Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, mahali pa kuanzia ni hukumu ya Bolam ya mwaka 1957. Daktari hahesabiwi kuwa mzembe ikiwa alifuata utaratibu ambao kundi la madaktari wenzake wanaoheshimika wangeukubali. Kwa miaka mingi kipimo hicho kiliwafaa madaktari kuliko wagonjwa, kwa kuwa hakukosekani mwenzao wa kusema "hata mimi ningefanya hivyo". Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, mahakama ya juu ya Uingereza ikaongeza kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yaingie akilini. Hakimu akiona hayana mantiki anaweza kuyakataa. Kwa hiyo, hata daktari wa pili akikwambia kwa mdomo kwamba wa kwanza aliharibu, bado hujapata ushahidi. Unahitaji mtaalamu wa fani hiyo hiyo aliye tayari kuliandika hilo, kulitia saini, na kusimama kuulizwa maswali.

Jambo la tatu kati ya hayo, kuonyesha kwamba madhara yametokana na kosa lenyewe, ndilo linaloangusha wengi. Kuna shauri la Barnett, la Uingereza miaka ya 1960. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai iliyokuwa na sumu ya aseniki, wakaenda hospitali wakitapika. Daktari wa zamu hakuwaona. Aliagiza kwa simu warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafariki saa chache baadaye. Mahakama ilisema wazi kwamba hospitali ilikosea, na bado mjane hakupata kitu, kwa sababu ilionekana mumewe angekufa hata kama angelazwa. Wakili wetu alitusimulia kisa hiki siku ya kwanza kabisa, na nadhani alifanya hivyo makusudi ili atupoze. Kisha akauliza: mna karatasi gani zinazoonyesha hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji, na zipi zinaonyesha baada yake?

Kwa bahati tulikuwa nazo. Binamu yetu muuguzi alikuwa ametusihi tuziombe mapema. Hili ndilo nataka ulifanye kabla ya lingine lolote, ukishahakikisha mgonjwa yuko mahali salama anatibiwa: andika barua ya kuomba nakala ya kumbukumbu zake zote za matibabu. Iandikwe, isiwe maneno ya dirishani. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Barua itoke kwa mgonjwa mwenyewe. Kama hawezi au amefariki, uliza ni ndugu gani sheria inamruhusu kuomba na kwa kibali gani. Nchi nyingi zinampa mgonjwa haki ya kupata kumbukumbu zake, ingawa karani anaweza kukuambia faili ni mali ya hospitali. Karatasi ni zao, sawa. Wewe unaomba nakala ya taarifa zilizomo.

Usikubali kupewa fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani peke yake. Omba maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na daktari aliyepasua, chati ya mtaalamu wa usingizi, kumbukumbu za wauguzi wa wodini, chati ya joto na presha, majibu ya maabara, picha zenyewe za eksirei au skani pamoja na ripoti zake, fomu ya ridhaa, na karatasi ya hesabu ya vifaa.

Hiyo ya mwisho watu wengi hawaijui. Katika chumba cha upasuaji, vitambaa, sindano na vifaa vingine huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na tena wakati wa kufunga ngozi. Vitambaa vya kazi hiyo hufumwa na uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei, ili hesabu ikigoma mgonjwa apigwe picha kabla hajatolewa mezani. Karatasi ya dada ilipofika ilisomeka kwamba hesabu imetimia. Mjomba wetu alikata tamaa papo hapo: "Basi hapo wametushinda." Wakili yeye alifurahi. Kitambaa kilitolewa tumboni na daktari mwingine, kwa hiyo karatasi iliyosema vyote vimepatikana ilikuwa ushahidi kwamba hesabu haikufanywa inavyotakiwa. Wala si jambo la ajabu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza wagonjwa 54 walioachiwa vitu mwilini. Miongoni mwa waliohesabiwa vifaa, wengi sana walikuwa na karatasi inayosema hesabu iko sawa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba hatari huongezeka sana upasuaji unapokuwa wa dharura, au mpango unapobadilika mgonjwa akiwa mezani. Soma maelezo ya upasuaji ukitafuta mambo hayo mawili.

Tafuta pia orodha ya ukaguzi wa usalama. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, timu inasimama na kusema kwa sauti huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande gani, hesabu ikoje. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao Ifakara nchini Tanzania, matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha iliyoachwa tupu, au iliyojazwa yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, ina la kusema. Na kama kosa ni la kupasuliwa upande usio sahihi, hapo ndipo maswali yatakapoanzia.

Mnapofika hospitali ya pili, zungumzeni na daktari kabla hajafungua. Mwombe kwa heshima aandike alichokikuta, kilikuwa wapi, kimeharibu nini, apige picha, na kilichotolewa kipelekwe maabara badala ya kutupwa. Usimlazimishe kumlaumu mwenzake. Wengi hukwepa, na huhitaji lawama yake. Unahitaji aandike alichokiona. Nyumbani nako piga picha za kidonda zenye tarehe, weka daftari la dalili, tunza kila risiti, na siku za kukosa kazini zithibitishwe na mwajiri kwa maandishi. Daftari la mama, lenye mwandiko wake wa kulalia upande, lilisaidia kuliko hotuba zote tulizokuwa tumeziandaa.

Kuhusu fomu ya ridhaa: kusaini kwamba umekubali kupasuliwa hakumaanishi umekubali kufanyiwa uzembe. Umekubali hatari ulizoelezwa, basi. Na kama hukuelezwa, hilo nalo linaweza kuwa dai. Katika shauri la Montgomery la mwaka 2015, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba daktari lazima amweleze mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika hali yake angeona zina uzito. Mama aliyefungua shauri hilo alikuwa na kisukari na hakuambiwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Hivyo jiulize nini ulielezwa, na nani, na lini. Fomu iliyosainiwa ukiwa tayari umelala kwenye kitanda cha kusukumwa kuelekea chumbani inastahili kutajwa kwa wakili.

Sasa huyo wakili. Tafuta aliyewahi kushughulikia madai ya matibabu. Anayefanya mashauri ya ardhi wiki nzima anaweza kuwa mtu mwema na bado akakupotezea muda. Muulize ni mtaalamu gani atakayesoma faili na nani atamlipa, kwa kuwa gharama hiyo mara nyingi huja kabla ya gharama za mahakama. Muulize malipo yake yakoje. Marekani wakili huweza kuchukua sehemu ya fidia mkishinda, mara nyingi kama theluthi. Katika nchi nyingine makubaliano ya aina hiyo yamekatazwa au yamewekewa masharti. Kama huna uwezo, ulizia msaada wa kisheria wa serikali, wa chama cha mawakili au wa vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria. Mimi humwamini zaidi wakili anayesema "ngoja kwanza nisome" kuliko anayetaja kiasi cha fidia kabla hujamaliza kusimulia.

Muulize na ukomo wa muda, siku hiyo hiyo. Kila nchi ina kikomo cha kufungua shauri. England na Wales kwa kawaida ni miaka 3 tangu tukio, au tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba umeumizwa. Kwingine muda ni mfupi zaidi, na hospitali ikiwa ya serikali huenda ukatakiwa kutoa notisi ya maandishi kwanza. Mazungumzo na uongozi wa hospitali kwa kawaida hayasimamishi muda huo kuhesabiwa. Nawajua waliozungushwa na "njoo wiki ijayo, kamati bado haijakaa" mpaka mlango ukafungwa.

Malalamiko kwenye baraza la madaktari ni njia nyingine, na ina kazi yake. Baraza linaweza kumwonya daktari au kumfutia leseni, ila kwa kawaida halilipi fidia. Familia nyingine inataka hilo tu: kuambiwa ukweli na kuhakikisha hayatamkuta mwingine. Si nchi zote zinazomtaka mgonjwa athibitishe kosa: New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko unaowalipa walioumia, hata kwenye matibabu, bila kumshtaki mtu. Pengi kwingine, bila kuthibitisha hupati.

Mambo mawili yalitaka kutuharibia. La kwanza ni mdogo wetu, aliyetaka kuanika jina la daktari mtandaoni pamoja na picha ya kidonda. Tulimzuia. Ungeweza kushtakiwa kwa kashfa kabla shauri lako halijaanza, na kila neno uliloandika kwa hasira litasomwa mbele ya hakimu na wakili wa upande wa pili. La pili lilikuwa jema usoni: hospitali ilijitolea kufuta deni lote la matibabu, mradi dada asaini karatasi. Aya ya mwisho ilisema hatadai chochote tena, sasa wala baadaye. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, chukua nakala, shukuru, nenda nayo nyumbani.

Mwishowe tulimaliza kwa mapatano nje ya mahakama, na madai mengi ya aina hii huishia hivyo. Walituletea toleo la kwanza mapema, dada akiwa bado anatumia dawa, na wengi nyumbani walitaka likubaliwe. Wakili alikataa mpaka daktari aandike kama atahitaji upasuaji mwingine, kwa sababu mapatano yakishasainiwa hayafunguliwi tena hata ukilazwa mwezi unaofuata. Daktari aliandika kwamba huenda ukahitajika, na gharama yake ikaingizwa kwenye hesabu.