Nilipoacha Kuipima Imani Yangu

Nyuma kabisa ya Biblia yangu, kwenye ule ukurasa mtupu unaofuata Ufunuo, kuna tarehe saba. Tatu zimeandikwa kwa wino wa bluu, moja kwa penseli, zilizobaki kwa wino mweusi. Sita nimezikata mstari. Kila moja ni siku niliyopita mbele kanisani, nikainua mkono, nikaongozwa sala ya toba, nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba safari hii nimeokoka kweli. Ikipita miezi michache moyo unaanza kuniuliza: ulimaanisha siku ile? Ulitubu kwa moyo wote au kwa robo tu? Mhubiri akiita tena, nami huyo mbele.

Ninamwandikia mtu mwenye ukurasa wa namna hiyo, hata kama wake umo kichwani tu. Nimekutana na wengi, wala si wachanga wa imani. Wengine ni waimbaji wa kwaya na viongozi wa vikundi vya maombi, na swali lao huja kwa sauti ya chini ibada ikishaisha: nitajuaje kama imani yangu inatosha kuniokoa?

Swali langu najua lilianzia wapi. Dada yangu aliugua muda mrefu. Tuliomba, tukafunga, tukaita watumishi wa Mungu waje kumwombea. Mmoja wao alisimama miguuni pa kitanda, akasoma Marko 9:23, "Yote yawezekana kwake aaminiye," akafunga Biblia, akasema ugonjwa haujatoka kwa sababu chumbani mle mna mtu asiyeamini. Alikuwa akinitazama mimi, au mimi niliona hivyo. Dada alifariki wiki mbili baadaye. Pamoja na msiba nilibaki na hesabu moja iliyokataa kunitoka: kama imani yangu haikutosha kumponya dada, itanitoshaje mimi siku ya hukumu?

Ndipo nikaanza kuipima. Nikilia katika maombi, naona ipo. Nikisinzia, naona imekwisha. Jumapili nzuri ilinifikisha hadi Jumatano. Sijui kama kuna uchovu unaofanana na ule wa kujichungulia moyoni kila saa ukitafuta kitu ambacho kadiri unavyokitafuta ndivyo kinavyojificha.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja mzee aliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Macho yake yalikuwa yamefifia, nami nilikuwa nikienda kumsomea Neno. Siku hiyo aliipokea Biblia yangu, ikafunguka nyuma, akaisogeza hadi karibu na uso.

"Hivi ni nini, mwanangu? Naona mistari mistari."

Nikamweleza, kwa aibu. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mara zote hizo saba ulikwenda kwa nani?"

"Kwa Yesu, mama."

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Sasa mbona hapa umeandika habari zako tu?"

Akaniambia nimsomee 2 Timotheo 1:12. Nikasoma: "Kwa maana namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Akaomba nirudie. Nilipofika kwenye "amana" akanishika mkono, nikanyamaza.

Nimelitafakari neno hilo kwa miaka sasa. Kiswahili kimetupa msaada ambao wasemaji wa lugha nyingine huutafuta kwa shida: imani, kuamini, uaminifu na amana ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na Kiebrania cha Agano la Kale kina mzizi huo huo, ambamo ndimo ilimotoka hata ile "amina" tunayofungia sala. Sasa fikiri mtu anavyoweka amana. Anakabidhi kitu chake kwa mwingine, anaondoka mikono mitupu. Pengine usiku hapati usingizi, anawaza kama kitu kiko salama. Wasiwasi wake haukipotezi kile kitu, na utulivu wake hauongezi kufuli mlangoni. Kila kitu kiko juu ya aliyepokea. Paulo angeweza kuandika kwamba anaijua imani yake. Aliandika kwamba anamjua aliyemwamini, tena aliandika akiwa kifungoni, akijua siku zake zinakwisha.

Waefeso 2:8 tunaikariri tangu utotoni: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Mimi niliisoma miaka mingi kana kwamba imeandikwa kwamba tumeokolewa kwa imani, na neema ni pambo. Kinachookoa ni neema, yaani Mungu mwenyewe akitenda ndani ya Kristo. Imani ni njia ambayo neema hiyo inapokelewa. Haimlipi Mungu chochote. Ukiifanya malipo, umeigeuza kuwa tendo jingine, na tena zito kuliko yote, kwa sababu sadaka unaweza kuihesabu, siku za kufunga unaweza kuzihesabu, lakini nani ataweza kuuhesabu moyo wake?

Anayeona imani yake ni ya kuyumba namwomba asome habari za Ibrahimu kwa mfululizo, sura ya 15 hadi ya 21 ya Mwanzo, asiruke kitu. Katika 15:6 Ibrahimu anamwamini BWANA, na jambo hilo anahesabiwa kuwa haki. Sura inayofuata tu, anakubali shauri la kumpata mtoto kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe, kana kwamba ahadi inahitaji kusukumwa. Sura ya 17, akiwa na umri wa miaka 99, anasikia kwamba Sara mkewe atazaa, anaanguka kifudifudi na kucheka. Sura ya 20 anamwita mkewe dada yake kwa kuogopa kuuawa, na ni mara ya pili anafanya hivyo. Huyu ndiye baba wa imani. Sijaona popote katika sura hizo Mungu akiifuta ile haki aliyomhesabia katika sura ya 15. Isaka akazaliwa, baba ana miaka 100.

Hata Marko 9, yule mtumishi aliishia mstari wa 23. Wa 24 unasema baba aliyemleta kijana wake mgonjwa kwa Yesu alipaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia akaongeze imani kwanza ndipo arudi. Alimponya mtoto, na ile sala ya nusu kwa nusu ndiyo iliyokuwa mezani. Sala hiyo unaweza kuiomba leo jinsi ulivyo. Usingoje mashaka yaishe ndipo uombe, yapeleke pamoja na wewe.

Na wewe unayengojea hisia fulani ndipo uamini kwamba umekubaliwa, mtazame John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Alikuwa kasisi wa Kianglikana kwa miaka kadhaa, akavuka bahari kwenda kuhubiri Marekani, akarudi na hofu ya kifo moyoni. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate jijini London, alihisi moyo wake ukipata joto na uhakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, yeye binafsi. Wengi husimulia hadi hapo. Januari 1739, miezi saba tu baadaye, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Ule uhakika ulikuwa umepoa. Hata hivyo aliendelea kuhubiri neema mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1791. Hisia huja na kuondoka, hata kwa watu tunaowaona nguzo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usipite mbele kwa mara ya nane kwa sababu ya hofu tu. Toba ya kila siku ni njema na tunaihitaji, lakini kuokoka upya kila unapopoa kunakufundisha kwamba Kristo alikufungia mlango siku ulipopoa. Shetani akikuuliza kama uliamini vizuri siku ile, usibishane naye habari za siku ile. Mwamini Kristo sasa hivi, hapo ulipo. Kama ulibatizwa, ukumbuke ubatizo wako. Kama kanisa lako linakukaribisha mezani pa Bwana, nenda ukale. Mkate ule unawekwa mkononi mwako hata siku ambayo moyo hauna la kusema.

Kuna atakayeuliza: na matendo je? Yakobo anasema mashetani nao huamini, na kutetemeka. Ni kweli, na sitaki neno hilo lilainishwe. Mashetani wanajua habari za Mungu lakini hawajamkabidhi kitu.

Kwa miaka minne sikuwa na maongezi ya maana na kaka yangu. Alinikopesha fedha, nami nikasema mbele ya wazazi kwamba nilikwisha kuzirudisha. Sikuzirudisha. Wakati wote ule wa tarehe saba nilikuwa na deni hilo, na sikuweza kulikiri, kwa sababu mtu anayejaribu kusimama mbele za Mungu kwa rekodi yake hawezi kukubali rekodi ichafuke. Nilipoelewa kwamba haki yangu iko kwa mwingine, ulimi ulifunguka. Nilikwenda kwa kaka nikakaa sebuleni na bahasha mkononi mpaka kona yake ikalowa jasho. "Kaka, nilikudanganya." Aliitazama bahasha muda mrefu bila kuigusa. Kisha akauliza, "Wazazi umewaambia?" Sikuwa nimewaambia. Nikainuka nikaenda.

Zakayo, yule mtoza ushuru, naye alisema atawarudishia mara nne aliowadhulumu, lakini alisema hivyo Yesu akiwa amekwisha kumwita kwa jina na kutaka kushinda nyumbani mwake. Ukiupindua mpangilio huo, ukadai mara nne kwanza ndipo Yesu aingie, hatakuwapo wa kufungua mlango.

Makanisa yetu yamegombana sana juu ya hili tangu mtawa Mjerumani Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517 kule Wittenberg. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1547 ulikataa kwamba imani peke yake inatosha, lakini ukaiita mwanzo, msingi na mzizi wa kuhesabiwa haki. Tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja huko Augsburg, wakikiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Tofauti bado zipo na sizidharau. Ila ukitishwa na mtu wa dhehebu jingine, au la kwako, kwamba wokovu wako unategemea ukali wa hisia zako, ujue hilo halimo katika fundisho la upande wowote.

La mwisho linawahusu wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Tafadhali, msitafute asiyeamini chumbani. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, na sidhani yupo atakayesema Paulo alikuwa na imani haba. Mungu huponya, nami bado naomba uponyaji kwa sauti. Lakini ahadi ya wokovu haikufungwa kwenye jibu la ombi hilo, na dada yangu aliyekufa bila kupona hakufa bila kuokoka.

Siku hizi nikiitwa, husoma Marko 9 mpaka mstari wa 24. Kisha hutafuta kiti na kukaa.