Mtoto wa miaka minne anauma wenzake: tiba ya kucheza itamsaidia?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne. Tangu babake aende kufanya kazi Mombasa, anajitupa chini, anapiga mayowe na kuuma wenzake chekechea. Mwalimu amenishauri nimpeleke tiba ya kucheza. Mchezo utamtibuje mtu? Na akirudi nyumbani si atakuwa yule yule? – Mama, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, hilo swali lako la pili ndilo zito.

Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kitini akakueleza kwamba anamkosa babake. Yaliyo moyoni huyatoa kwa mikono, kwa udongo na vikaragosi. Ndiyo maana mwaka 1947 mwanasaikolojia Virginia Axline wa Marekani aliandika juu ya tiba ambayo mtoto ndiye huongoza mchezo na mtaalamu humfuata. Hutumika sana kwa watoto wenye huzuni, woga au waliofiwa.

Lakini kwa kuuma, kupiga na ukaidi, ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye tiba zinazomfunza mzazi. Mojawapo, tiba ya mwingiliano wa mzazi na mtoto (kwa Kiingereza PCIT), ilianzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg miaka ya 1970, kwa watoto wa miaka 2 hadi 7. Mzazi hucheza na mtoto huku mtaalamu, nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja, akimwelekeza kupitia kifaa cha sikioni. Pasipo kioo, mtaalamu anaweza kuketi pembeni tu.

Kwanza mnajenga uhusiano: dakika 5 za mchezo kila siku, hata siku aliyokosea. Tuseme anapanga viti kuwa gari la matatu. Usimuulize, “Hii inaenda wapi?” wala usimsahihishe. Sema unachokiona: “Konda anafunga mlango.” Akisema, “Imejaa!” rudia: “Kweli, imejaa.” Msifu kwa jambo mahususi: “Asante kwa kumpisha dadako.” “Mtoto mzuri” haimwambii afanye nini tena. Wazazi wengi huona haya mwanzoni, hasa majirani wakichungulia.

Baadaye unajifunza kutoa amri: moja, fupi, isiyo ombi. “Weka kikombe mezani,” si “Unaweza kuweka kikombe?” Mayowe ya kutaka kutazamwa hupuuzwa. Tahadhari: ukianza kupuuza, huzidi kwanza kabla ya kupungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakampa anachotaka, naye akajifunza kwamba kelele ndefu zaidi hulipa. Kuuma hakupuuzwi, mtenge na wenzake mara moja, bila hotuba, kwa dakika chache. Kiboko weka kando: huwezi kumkataza kupiga kwa kumpiga.

Kabla ya yote hayo, mpeleke hospitali apimwe masikio. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kama aliwahi kuugua malaria kali akapata degedege, mwambie daktari, kwa kuwa malaria ya ubongo huweza kuacha matatizo ya tabia na ya kujifunza. Na kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo au anajiumiza mwenyewe, usingoje.

Ukimpata mtaalamu, muulize mapema: “Mimi nitakuwa chumbani?” Akisema utakuwa ukisubiri nje majuma yote, dai sababu. Babake naye apige simu saa ile ile kila siku, hata kwa dakika mbili, na mtoto aijue saa hiyo.