Ikianza Kulala, Iache Ilale

Nilikuwa barabarani tangu alfajiri, nimepita mvua, nimepita kona za milimani, na tairi halijateleza hata mara moja. Pikipiki niliiangushia kituo cha mafuta, natoka kwenye pampu kwa mwendo ambao mtu anayetembea angenipita. Tangi limejaa mpaka mdomoni, masanduku ya pembeni yamesheheni, usukani nimeukata kushoto niingie barabarani. Ghafla gari likatokea. Vidole vyote vinne vya mkono wa kulia vikabana breki ya mbele. Tairi likagoma pale pale, pikipiki ikainamia kushoto, nikatupa mguu kuidaka, na nilipokanyaga palikuwa na mchanga.

Kosa la breki lilikuwa dogo. Kubwa ni lililofuata: nilijaribu kuizuia isianguke. Pikipiki yangu ina kilo 260 kabla hujaweka mzigo wowote. Nilisikia kitu kikichomoka kiunoni, na wiki tatu nzima nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Pikipiki yenyewe ilivunjika ncha ya mkono wa klachi na kuchubuka sanduku moja, basi.

Kwa hiyo naomba unisikilize hapa kuliko kwingine kote. Pikipiki nzito ikiwa wima unaishika kwa vidole viwili. Ikiinama kidogo, paja lako linatosha kuirudisha. Ikipita hapo uzito wote unakuja kwako kwa mpigo, na hakuna misuli ya binadamu itakayoushinda. Ukisikia goti limeanza kutetemeka, achia. Ondoa mguu upande inakolalia, maana kifundo kikibanwa kati ya injini na lami utajuta, kisha rudi nyuma hatua mbili uitazame ikilala. Mikono yako itakataa kuachia. Ndiyo maana uamuzi huo uufanye leo, ukiwa umekaa nyumbani.

Sasa tuje kwenye breki. Ukiwa kasi, pikipiki inajisimamisha yenyewe. Kila ikiyumba, tairi la mbele linageuka kidogo na kuirudisha katikati. Kwenye mwendo wa kutembea msaada huo karibu wote unaondoka, unabaki wewe. Ukibana breki ya mbele usukani ukiwa umekatwa, uzito unakimbilia mbele na kuivuta pikipiki ndani ya kona. Injini ikizimika katikati ya kona matokeo ni yale yale, na nadhani wengi wanaosema "iliteleza tu" kwa kweli walizimikiwa.

Dawa yake ni mguu wa kulia. Unapogeuka taratibu, vidole vitoke kabisa kwenye breki ya mbele. Klachi ishikilie pale inapoanza kushika, weka resi kidogo isiyopanda wala kushuka, halafu kanyaga breki ya nyuma kwa wepesi. Injini inavuta, breki inazuia, na pikipiki inatulia kati ya hivyo viwili. Macho yaende unakotaka kufika. Ukitazama ardhi mbele ya tairi, huko ndiko utakakokwenda. Na ukilazimika kusimama, nyoosha usukani kwanza.

Kitu ambacho sikuwahi kukiwaza kabla ya siku ile ni mafuta. Tangi la lita 24 likijaa linaongeza kama kilo 18, na kilo hizo zinakaa juu, karibu na kifua chako. Pikipiki uliyoingia nayo kituoni siyo utakayotoka nayo. Abiria ni hivyo hivyo: mkubaliane kwamba hapandi wala hashuki mpaka umwambie, na wewe usimwambie kabla miguu yote miwili haijatua pagumu. Mahali pa kuegesha, ingia kwa namna ambayo kutoka utatoka mbele. Honda waliweka mtambo wa kurudi nyuma kwenye pikipiki yao kubwa, Gold Wing GL1500 ya mwaka 1988, na Gold Wing za leo, zenye zaidi ya kilo 360, bado zinao. Pikipiki nyingi hazina, na kuisukuma nyuma kwa vidole vya miguu kwenye mteremko ni njia rahisi sana ya kuilaza.

Ikishalala, zima injini, zima swichi, na asivute mtu sigara karibu, kwa sababu petroli huwa inadondoka. Pumua. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla hujainua, ili isije ikapitiliza upande wa pili. Iwe kwenye gia isitembee. Kata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele lielekee ardhini. Kisha igeuzie mgongo: makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye mshikio wa usukani ulio chini, mwingine kwenye chuma imara cha fremu, mbali na sailensa yenye moto. Mgongo unyooke, sukuma kwa miguu, hatua fupi fupi za kurudi nyuma. Mimi niliivuta kwa mikono huku nimeinama, na ndipo kiuno kilipoharibika zaidi. Mtu akija kusaidia, mkubali.

Usiiwashe papo hapo. Ipe dakika kadhaa oili irudi chini, na moshi kidogo mwanzoni usikutishe. Angalia mikono ya breki na klachi, kanyagio la gia, na kama kuna kinachovuja. Fundi mmoja alinifundisha kutokaza sana nati zinazoshika mikono hiyo kwenye usukani. Pikipiki ikilala, mkono unazunguka badala ya kukatika.

Kiuno kilipopona nilitafuta kiwanja kitupu, nikashusha masanduku, nikaanza kuzunguka usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, breki ya nyuma peke yake. Jioni ya kwanza nilitua mguu kila mzunguko. Ya nne nilizunguka kushoto mara kumi miguu ikiwa kwenye vikanyagio. Kulia bado kunanishinda, na Jumamosi nakwenda tena.