Maswali ya Wasomaji: Lenzi za Zamani, Kamera za Leo

Nina lenzi ya Helios 44-2 iliyotoka kwenye kamera ya filamu ya Zenit. Nimeifunga kwenye Nikon D5300 kwa adapta. Mtu aliye karibu anatoka vizuri, lakini vilima vya mbali ni ukungu mtupu. Lenzi imekufa? (Msomaji, Morogoro)

Lenzi yako ni nzima, shida ni nafasi. Lenzi za skrubu ya M42, kama hii yako, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na mdomo wa Nikon uko milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu unene wa adapta, lenzi imeshasogea mbele kwa zaidi ya milimita 1. Kwa lenzi ya mm 58 (urefu wake wa fokasi) kama yako, hapo fokasi inaishia mita 3 na kitu. Zipo adapta zenye kilenzi cha kurekebisha umbali, lakini hatuzishauri: kile kilenzi cha bei rahisi ndicho kitakachoamua ubora wa picha, na Helios itabaki jina tu. Itumie kwa picha za sura, au itafutie Canon ya EF (milimita 44) au kamera isiyo na kioo cha ndani.

Mimi ninayo hiyohiyo kwenye Sony A7 II, ila kamera inagoma kupiga. Na fokasi naikosa mara nyingi. (Msomaji, Nakuru)

Kamera haioni lenzi yoyote, ndiyo maana inagoma. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga picha bila lenzi. Kisha weka mm 58, au namba iliyo karibu nayo zaidi, kwa mkono kwenye kidhibiti mtikisiko. Ukiacha namba iliyo mbali na hiyo, kitatuliza vibaya. Piga kwa modi ya A, ambayo kamera yenyewe huchagua kasi.

Helios 44-2 ina ringi mbili za tundu la kupitishia mwanga. Ya mbele, yenye mlio wa tik-tik, weka f/4. Ya pili izungushe hadi tundu liwe wazi kabisa, f/2. Sasa kuza picha kwenye skrini, fokasi kwenye kope za jicho, halafu rudisha ringi ya pili hadi igote. Piga. Usitegemee zile rangi ambazo kamera huwasha kwenye kingo zilizo kwenye fokasi: kwa f/2 zitawaka puani na sikioni kwa pamoja, na jicho likakosa.

Pima na adapta pia. Unene sahihi wa adapta ya M42 kwenda Sony yako ni milimita 27.46. Ikizidi kwa milimita 0.1 tu, kila kilicho ng'ambo ya mita 33 hivi hakitafika fokasi kamili ukiwa f/2. Lenga mnara wa simu wa mbali: ukikataa kukaza hata ringi ikifika mwisho, irudishe dukani. Ukikaza kabla ya mwisho, adapta ni nyembamba kidogo. Hiyo haina neno, ila usiamini namba za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi.

Lenzi yangu ya Takumar 50 mm f/1.4 ina rangi ya chai. Ni uchafu? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana, usiifungue. Baadhi ya vioo vyake vina thoriamu (metali yenye mnururisho), ambayo hukigeuza kioo njano kadiri miaka inavyopita. Iweke chini ya taa ya LED ya mionzi ya UV kwa siku kadhaa, huku usiiangalie taa hiyo kwa macho. Jua la dirishani nalo husaidia, ila acha kifuniko kimoja upande wa ndani: lenzi iliyo wazi pande zote mbili inaweza kuunguza pazia.