Wasomaji Wauliza: Baa, Mkesha na Ujenzi wa Usiku Jijini Nairobi

Miongoni mwa barua ambazo wasomaji wametuandikia kuhusu maisha ya mtaani, za kelele ndizo nyingi. Tumechagua tatu ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, nasi tumezifupisha.

SWALI: Tunaishi katika nyumba za kupanga upande wa Eastlands. Ghorofa ya chini ya jengo linalotazamana na letu lilikuwamo duka la vifaa vya ujenzi, na sasa ni baa. Spika zimetundikwa nje ya veranda, muziki huanza jioni na hauzimwi hadi alfajiri, vioo vya madirisha yetu hutetemeka, na binti yangu anayejiandaa kwa mtihani husoma akiwa amejifunika blanketi kichwani. Tulipomwendea meneja, alitujibu kwamba ana leseni, kwamba barabara hii ni ya biashara, na kwamba asiyependa ahame. Je, sheria inamruhusu?

JIBU: Haimruhusu, na ni vyema mjue kwa nini, kwa sababu jibu alilowapa ndilo ambalo wapangaji wengi wa Nairobi hupewa, nao hunyamaza wakiamini kwamba ni la kweli.

Kelele nchini Kenya zinasimamiwa na kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kanuni hizo zinakataza kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida, ambayo inawaudhi watu au kuhatarisha utulivu, mapumziko, afya na usalama wao. Katika kuamua kama kelele imefikia kiwango hicho, huangaliwa saa inapopigwa, ukaribu wake na makazi ya watu, kama inajirudia, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kudhibitiwa bila gharama wala taabu kubwa. Someni tena barua yenu mkiwa na vigezo hivyo mkononi. Spika zimetundikwa nje, mbele ya madirisha ya watu, usiku baada ya usiku, ilhali kuziingiza ndani na kupunguza sauti hakumgharimu mwenye baa chochote cha maana.

Kuhusu hoja ya barabara ya biashara, kanuni hizo zina jedwali la viwango vya sauti, vinavyopimwa kwa desibeli, kwa kila aina ya eneo. Mchana, eneo la makazi linaruhusiwa desibeli 50 nje ya nyumba na 45 ndani, eneo lenye mchanganyiko wa makazi, biashara na burudani linaruhusiwa 55, na eneo la biashara linaruhusiwa 60. Kwa hiyo mchana meneja ana haki ya kudai nafasi zaidi kuliko angekuwa nayo katikati ya nyumba za watu. Usiku, hata hivyo, tofauti hiyo yote inafutika: maeneo yote katika jedwali hilo, yakiwemo ya biashara, yanashuka hadi desibeli 35, ambazo hazizidi sana mnong'ono. Tena usiku wa kanuni hizi hauanzi saa 6, kama wengi wanavyodhani, bali unaanza baada ya saa 2 usiku na kuendelea hadi saa 12 asubuhi. Ieleweke pia kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka zinamaanisha nguvu ya sauti imekuwa mara 10 ya ile ya awali, ingawa sikio hulihisi ongezeko hilo kama mara 2 hivi; baa inayotoa desibeli 55 dirishani kwenu usiku haijavuka mpaka kidogo, bali imeuvuka mara 100 kwa nguvu ya sauti.

Vioo vinavyotetemeka ni jambo la kuandikwa peke yake katika malalamiko yenu. Kipimo cha kawaida cha kelele hutengenezwa kuiga sikio la binadamu, ambalo husikia sauti nzito za chini kwa udhaifu kuliko za kati, na kwa hiyo besi ya muziki hupunguziwa uzito katika hesabu. Matokeo yake ni kwamba afisa anaweza kusoma nambari isiyotisha sana wakati kuta zenu zinanguruma, maana besi ndiyo inayopenya ukuta wa mawe na dirisha lililofungwa. Kanuni za 2009 hazikuishia kwenye desibeli, kwani zinaweka pia kikomo cha mtetemo cha sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka. Mkitaja muziki tu, afisa atakuja na kipimo kimoja. Tajeni mtetemo waziwazi.

Sasa, mwende wapi? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele, kwa hiyo mlango wa kwanza ni idara ya mazingira ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na nakala ipelekwe kwa NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Ukienda kituo cha polisi usiku kelele zikiendelea, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa sababu malalamiko ya mdomo hayaachi alama yoyote, na hapo ndipo mashauri mengi ya haki hufia. Andikeni barua moja ya wapangaji wote, mkiorodhesha tarehe, saa muziki ulipoanza na saa ulipozimwa, na mahali spika zilipo, kisha mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Programu ya simu ya kupimia sauti inaweza kuwasaidia kutunza kumbukumbu, lakini haichukui nafasi ya kipimo cha afisa. Ombeni pia kwa maandishi kwamba ukaguzi ufanyike katika saa za kelele. Afisa akija saa 5 asubuhi atakuta viti vimepinduliwa juu ya meza na mfanyakazi anapiga deki, naye ataandika kwamba hakuona tatizo.

Leseni nayo si kinga. Ile ya kuuza pombe hutolewa na kaunti kwa muda na masharti, na wakati wa kuiomba upya ndio wakati ambao barua zenu zenye mihuri zitakuwa na uzito mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mnamo Novemba 2022 kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi baada ya wakazi kulalamika kwa wingi. Kwa maoni yangu, agizo la jumla la namna hiyo halitoshi bila ukaguzi wa mara kwa mara, lakini lilithibitisha kwamba leseni inaweza kuondolewa.

SWALI: Jirani na nyumba yetu kuna kanisa dogo la mabati ambalo hukesha kila Ijumaa kwa vipaza sauti. Mimi mwenyewe ni Mkristo, na ninaogopa kwamba nikilalamika nitaonekana ninapinga ibada. Je, uhuru wa kuabudu hauzuii sheria ya kelele?

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ninaielewa na ninaiheshimu. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dini, na hakuna afisa anayeweza kulizuia kanisa kukesha. Kinachosimamiwa ni sauti inayovuka ukuta na kuingia chumbani kwa mtu mwingine, ambaye naye, kwa Kifungu cha 42, ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Waumini 40 ndani ya chumba cha mabati wanasikiana bila spika inayoelekea mtaani. Jedwali lile lile la 2009 linayaweka maeneo ya ibada pamoja na maeneo ya ukimya, kwa desibeli 40 mchana na 35 usiku, maana yake sheria inalilinda kanisa hilo dhidi ya kelele za jirani kama inavyomlinda jirani dhidi ya kelele za kanisa, na kipimo hakiulizi kama ni msikiti, kanisa au hekalu.

Ningekushauri uanze kwa mchungaji mwenyewe, mchana, ukiwa na jirani mmoja au wawili wanaoheshimika naye, na umwombe mambo mawili mahususi: spika ziingizwe ndani, na baada ya saa 2 usiku mkesha uendelee bila vipaza sauti. Mazungumzo ya namna hii hufanikiwa mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyotarajia, hasa yakitajwa mambo kama mgonjwa aliye nyumba ya pili au mtoto mchanga. Yakishindikana, fuata njia ya barua iliyoelezwa hapo juu. Mwishoni kabisa kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kwa mujibu wa Kifungu cha 70 cha Katiba, mlalamikaji hahitaji kuthibitisha kwamba amepata hasara au amedhurika.

SWALI: Mjenzi wa ghorofa karibu nasi anakoroga na kumwaga zege usiku kucha, akidai kwamba kazi ya slabu haikatizwi. Tufanye nini?

JIBU: Ni kweli kwamba slabu ikianza kumwagwa haifai kuachwa nusu, lakini hilo ni jambo la kupangwa mapema, kwa kuanza asubuhi na kuleta mashine na vibarua wa kutosha. Ujenzi una jedwali lake: katika makazi ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na kwa mjenzi usiku huanza saa 12 jioni, mapema kuliko kwa baa. Dharura ya kweli husamehewa, ratiba mbaya haisamehewi. Nakilini jina la mkandarasi na nambari za usajili kutoka kwenye bango la eneo la ujenzi, mzitie katika barua yenu kwa kaunti na NEMA, na mwombe mjulishwe masharti ya saa za kazi yaliyomo katika idhini ya mradi huo.